Namba 1 hadi 44: shajara ya kukusanya santuri za Dischord, Amu (Lamu)

14 Januari 2023

Nimelitoa daftari refu la dukani, lile ambalo kurasa za mbele zimejaa madeni ya watu, nikaligeuza kichwa chini na kuanzia nyuma. Pembeni nimeandika namba, 1 hadi 44, kila namba na mstari wake. Kila mstari ni santuri moja ya Dischord, kampuni ndogo ya muziki wa pank iliyoko Washington, Marekani, ambayo kila santuri inayoitoa huipa namba yake. Mistari ikijaa, kazi imekwisha.

Kuishia 44 kuna sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba kampuni yenyewe imeshafika 200, na mfuko wa fundi redio wa Langoni haufiki huko. Ya pili ni kwamba 44 ni Repeater ya kikundi cha Fugazi, ya mwaka 1990, na kwangu mimi mambo yote yalianza hapo. Miaka ya tisini mgeni aliyepanga chumba kwa ami aliniachia kaseti aliyoirekodi mwenyewe. Upande mmoja rege, upande wa pili neno "Fugazi" kwa wino wa buluu, basi. Upande wa rege niliufuta baadaye nikarekodia harusi ya binamu yangu. Huo mwingine niliucheza mpaka utepe ukaanza kulia. Gitaa mbili, moja ikisema na nyingine ikidakia, kama watu wawili wanaosimulia kisa kimoja na kila mmoja anadhani anakijua zaidi.

Nimemweleza ami mpango wangu.

"Santuri za disko?"

"Si disko, ami. Dischord."

"Ndiyo hiyo hiyo disko."

Kwa hiyo nyumbani mradi huu umeshapata jina.

2 Februari

Sheria kabla ya pesa, maana najijua. Watu wanaokusanya santuri hawatosheki na namba. Wanataka chapa ya kwanza, kisha ya pili, kisha kila rangi ya jalada. Namba 3, santuri ndogo ya kwanza ya kikundi cha Minor Threat ya mwaka 1981, ilitoka na majalada ya rangi tofauti kila ilipochapishwa upya, na wapo wanaozitafuta rangi zote kama anayekusanya leso. Mimi hapana. Namba moja, nakala moja, rangi yoyote, hata jalada likiwa limechorwa jina la mtu.

Lakini nimekwama kabla ya kuanza. Kati ya 4 na 5 ipo 4½. Mwaka 1981 kikundi cha Necros kutoka Ohio kilitoa santuri kwa ushirikiano wa kampuni mbili, Dischord na Touch and Go, na kwa kuwa haikuwa ya Dischord peke yake ikapewa nusu namba. Nani anatoa nusu? Kwenye daftari hakuna mstari wa nusu. Nimeichomeka kwa herufi ndogo katikati ya mistari miwili, na ukurasa mzima sasa unaonekana kama hesabu ya mtoto.

Nimekaa na orodha ile usiku na nimeanza kuwaelewa. Kampuni ilizaliwa mwaka 1980 kwa sababu kikundi kilikuwa kinakufa. Teen Idles walikuwa wanavunjika, na pesa za maonyesho hawakuzigawana, walikuwa wameziweka. Wangeweza kugawana pale kila mtu akaenda zake. Badala yake wakazitolea santuri, nakala 1,000, ili lile walilolifanya lisipotee. Ian MacKaye na Jeff Nelson walikuwa ndani ya kikundi, na Nathan Strejcek ndiye mwimbaji. Jalada hawakujua linatengenezwaje. Wakachukua jalada la santuri ya kutoka Ulaya, wakalibandua, wakafuatisha umbo lake, wakapeleka kuchapisha, kisha wakakaa chini na mikasi na gundi wakikata na kukunja moja moja. Aliyekulia Amu kwenye nyumba ya washona kofia anaijua kazi hiyo bila kuelezwa: watu wamekaa mkekani, vidole vinauma, na hakuna anayeruhusiwa kuondoka kabla ya fungu lake kwisha.

Namba 1 ni hiyo.

11 Machi

Kifurushi cha kwanza. Kimetua Mombasa kwa shemeji, kikapanda basi, kikapita Malindi, Garsen na Witu, kikashuka Mokowe, kikavuka kwa boti mpaka jetini. Ndani: namba 12, 14 na 30.

Nilizichagua kwa ujanja. Namba 12, ya mwaka 1984, ni santuri kubwa yenye nyimbo za santuri ndogo mbili za mwanzo za Minor Threat, yaani namba 3 na 5. Namba 14, ya mwaka huo huo, imezikusanya namba 1, 2, 4 na 6. Kwa hiyo kwa santuri mbili nina muziki wote wa namba sita za mwanzo, ambazo nakala zake za asili bei yake inaanzia pale mshahara unapoishia. Muziki nimeupata, namba sijazipata. Hili litanisumbua, nalijua.

19 Machi

Siku tatu nimepoteza kwa mashine ya kuchezea. Naandika kwa urefu kwa sababu pengine kuna fundi mwingine pwani hii atakutana na shida hii.

Mashine nimepewa na mwenye nyumba ya wageni Shela, ya Kimarekani, ya mkanda. Nimeiwekea transfoma ya kushusha volti 240 hadi 120. Mkanda ulikuwa umelainika kama halua, nimeweka mwingine. Ikaja na karatasi ya mviringo yenye vistari, ile unayoiweka juu ya sahani kisha unaimulika kwa taa ya umeme wa nyumbani. Vistari vikionekana vimesimama, kasi ni sahihi. Nikazima taa, nikaimulika kwa neoni ya testa yangu. Vikasimama kabisa, kama vimepigwa misumari. Nikafurahi.

Nikaweka namba 12. Nikasikia mtu mgonjwa. Ngoma zinajikokota, mwimbaji sauti nzito kama mzee aliyeamshwa usingizini. Nikajiambia pengine ndivyo walivyo. Bahati nzuri kwenye santuri ile kuna wimbo mfupi mno, Straight Edge, ambao ni sekunde 45 na ushei. Nikaupima kwa saa ya simu: sekunde 55.

Ndipo nikajipiga kofi. Mota ya mashine ile inafuata mitetemo ya umeme, na umeme wa Marekani ni hezi 60, wetu ni 50. Transfoma inashusha volti, hezi haizigusi. Kwa hiyo sahani inayotakiwa kuzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika ilikuwa inazunguka chini ya 28. Na ile karatasi? Imechapwa kwa ajili ya huko huko, vistari 216. Ya hezi 50 inatakiwa vistari 180. Mashine imechelewa kwa moja ya sita, na taa yangu nayo inapepesa pole pole kwa kiasi kile kile, basi shahidi na mshtakiwa wamepatana uongo mmoja. Karatasi ilikuwa inaniapia kwamba mambo ni sawa.

Dawa ni puli ya mota. Kipenyo chake kiongezwe moja ya tano, ngazi zote mbili, ya 33 na ya 45. Nimeipima kwa kalipa na kumtumia fundi wa kukereza chuma Mombasa vipimo kwa simu, na nimemsisitizia kwamba nukta moja ya milimita hapa ni maneno makubwa.

25 Aprili

Ramadhani sikucheza kitu. Idd imepita. Puli ya kwanza ilikuja nene, ikafanya Minor Threat wakimbie kama wamefumaniwa. Ya pili imekaa. Nimechora karatasi yangu ya vistari 180. Wimbo: sekunde 46. Alhamdulillahi.

Ami alipita wakati huo huo akasimama mlangoni, fimbo mkononi.

"Huyu ana ugomvi na nani?"

"Hana ugomvi, ami. Anasema yeye hanywi ulevi wala havuti."

Akangoja kidogo. Wimbo ulikuwa umeshakwisha.

"Sasa mbona anapiga kelele? Hapa sote hatunywi na tumenyamaza."

Sikuwa na jibu. Nilimwonyesha kwenye simu picha ya jalada la namba 1, mikono miwili imekingamana, kila kiganja nyuma kina X. Nikamweleza kwamba ni alama waliyokuwa wakichorwa vijana wasiofikia umri wa kunywa, ili wauza pombe wawajue, na vijana wale wakaigeuza kuwa fahari yao. Akaitazama sana. "Watoto wa watu," akasema, akaenda zake msikitini. Kwa ami hiyo ni sifa.

8 Mei

Namba 7, 8 na 11 zimeingia. Ya 8 ni ya mwaka 1982, vikundi viwili santuri moja: Faith upande mmoja, Void upande wa pili. Mwimbaji wa Faith ni Alec, ndugu yake Ian MacKaye. Upande wa Void unasikika kama kabati la vyombo limeangushwa ngazini, na kila mara nikidhani sitaurudia, naurudia.

Namba 10 nayo imefika, lakini imepinda. Kuna mahali njiani, sitaki kupataja, waliiacha kwenye bati juani mchana kutwa. Nimeilaza kati ya vioo viwili vya dirisha na gunia la mchele juu yake.

17 Juni

Msiba, na nimeuleta mwenyewe.

Nilipoanza nilidhani zidaka za chumba cha ndani zimeumbwa kwa ajili ya santuri. Kina kinatosha, kivuli kipo, na zinapendeza zikisimama mle kwenye plasta nyeupe. Nikazipanga. Kilichonitoka akilini ni kwamba ukuta wa matumbawe na chokaa una chumvi na unanywa unyevu, na msimu huu wa mvua na kusi unautoa jasho. Jana nimechomoa namba 14: mgongo wa jalada umeota ukungu wa kijani, na kwenye santuri yenyewe madoa madogo meupe kama punje za chumvi. Saba zimeguswa.

Santuri za plastiki zinapona. Maji safi yale ya kuongezea betri, tone moja la sabuni ya vyombo, kitambaa laini, unafuata mifereji kwa mviringo wala hukatishi, kisha unasuuza kwa maji yale yale na kusimamisha zikauke. Zile zilizokuwa na mafuta nikaongeza spiriti kidogo. Zote saba zinacheza, namba 14 inakwaruza kidogo mwanzoni. Majalada nimeyapangusa kwa kitambaa kikavu, harufu haitoki.

Ningeishia hapo ningekuwa nimeshinda. Lakini ami alikuwa na santuri tatu za kale za gramafoni, zile nzito za kuvunjika, taarabu iliyokuwa ya baba yake, lebo imefutika. Nikaona nami nimtendee wema, mkono bado una spiriti. Santuri zile si plastiki, zimetengenezwa kwa gundi ya shelaki, na shelaki inayeyuka kwa spiriti. Najua hivyo! Ndiyo hiyo hiyo wanayoyeyusha mafundi seremala wakipakia varnishi. Nilipopitisha kitambaa mara ya pili kikatoka cheusi, na mifereji upande ule imekuwa laini kama sahani ya chai.

Nilimpelekea mwenyewe, sikungoja aione. Aliishika, akapitisha kidole gumba pale palipong'aa. Akaniuliza upande wa pili vipi. Nikamwambia upande wa pili mzima. "Basi tutasikiliza upande wa pili," akasema. Ningependa angenitukana.

18 Juni

Rafu mpya: mbao, imekaa vidole vinne mbali na ukuta, hewa inapita nyuma. Kila santuri ndani ya mfuko wa nailoni laini. Za ami ziko rafu ya juu.

Namba 10 imetoka chini ya mchele. Bado inapanda na kushuka kama mashua, lakini sindano haitoki.

3 Agosti

Hesabu: mistari 19 kati ya 44. Nimegundua namba 36 na 40 zimenipunguzia kazi. Zote zilitoka mwaka 1989. 36 ni Fugazi, namba 30 na 35 zimeunganishwa, na 40 ni Minor Threat yote mahali pamoja. Hizo wala sihangaiki na santuri, sidii zake zipo na ni rahisi. Mtu mmoja aliniandikia kwamba mkusanyaji wa kweli hakubali sidii. Nimemjibu kwamba namba imeandikwa ubavuni, na mimi nakusanya namba.

Jambo la pembeni ambalo halina faida yoyote: Fugazi wanapenda sifuri. Ya kwanza ni 30. Baadaye 60, 70, 90, 110, 130. Repeater imeponyoka na 44, na mimi ndiyo iliyonikamata.

Nimelipenda pia hili. Kwenye majalada yao mengi wamechapa bei ya kuagiza kwa posta, nauli ikiwa ndani yake. Muuza duka akitaka kukuchinja, jalada lenyewe linamsuta mbele yako. Na wanamuziki hawaandikishiani mikataba na kampuni; wanakubaliana kwa mdomo, gharama zikirudi faida inagawanywa. Wangeniambia hivyo kuhusu biashara ya Amu ningesema ndivyo ilivyokuwa zamani na ndiyo maana watu hawasemezani. Huko imewadumu zaidi ya miaka 40.

8 Oktoba

Wageni wa Maulidi wameanza kuingia, chumba cha ndani nimekitoa. Rafu imefunikwa shuka. Matari usiku kucha, na sina hamu ya gitaa.

21 Januari 2024

Sanduku limefika, na limeniharibia usingizi.

Dischord walipotimiza miaka 40 waliziweka santuri zao sita za mwanzo kwenye sanduku moja: namba 1 hadi 6, kila moja santuri yake ya inchi 7 na jalada lake kama lilivyokuwa. Sanduku lenyewe lina namba yake, 200. Mgeni wa kila mwaka wa Shela amenibebea kwenye begi lake la mkononi, hakuliachia hata kwenye ndege.

Nimezipanga zote sita sakafuni. Namba 2, S.O.A.; mwimbaji wake ndiye aliyekuja kujulikana duniani kwa jina la Henry Rollins. Namba 3, kijana aliyenyoa kichwa ameinamia mikono yake kwenye ngazi, na kijana huyo ni Alec yule yule wa namba 8. Namba 1, mikono na X. Nimeikunjua ile ya 1 kutazama ilivyogundishwa.

Sasa swali. Je, mistari sita ya kwanza imejaa?

Mjadala wangu mwenyewe umechukua siku mbili. Sheria yangu ya Februari inasema nakala yoyote, chapa yoyote. Kwa sheria hiyo zimejaa, nipige wino nilale. Lakini zimekuja kwangu kama 200, na 200 haimo kwenye daftari langu. Nikizihesabu mara sita ni kama mtu aliyenunua ng'ombe mmoja akahesabu miguu. Upande wa pili, zile 1,000 za mwaka 1980 zilikatwa na mikono ya watu fulani kwa sababu fulani, na santuri hii niliyoishika imekatwa na mashine kwa sababu ya ukumbusho. Muziki ni ule ule. Nilikuwa nao tayari tangu Machi, kwenye 12 na 14, na bado nilisema sina.

Nimemuuliza ami, kwa kuwa yeye ndiye mwenye santuri iliyofutika.

"Ukiicheza, unamsikia mwenyewe?"

"Namsikia."

"Basi unayo. Ile nyingine ni ya mwenye pesa."

Nimechukua kalamu ya risasi. Mistari 1 hadi 6 nimeijaza kwa risasi. Wino ni kwa zile nilizozipata kwa namba yake. Sheria imebadilika katikati ya mchezo, na daftari ni langu.

2 Februari

Hesabu baada ya mwaka: wino 27, risasi 6, tupu 11. Nyingi ya tupu ni za kati ya 17 na 34, si ghali, ni za kuvizia tu. Namba 16, Rites of Spring ya mwaka 1985, nimeipata kwa bei ya kilo mbili za kamba, na nimeicheza mara nyingi kuliko zote isipokuwa 44 ya kwenye kaseti.

Namba 44 yenyewe nilikuwa nimeiacha makusudi. Nimeiagiza jana.

6 Machi

44 imefika salama. Niliitoa mfukoni nikaiweka kwenye sahani na sikuicheza mara moja. Nikaenda kuitafuta ile kaseti. Ipo, kwenye mkebe wa biskuti na kaseti za taarabu ambazo ami alikuwa akinunua Mombasa kwa Mbwana Radio Service. Nikacheza santuri. Wimbo wa kwanza ulipokwisha nikagundua kwamba miaka yote hii kaseti yangu ilikuwa inakwenda kasi kidogo. Gitaa zile si nyembamba kama nilivyozizoea. Nimeisikiliza mpaka mwisho nikiwa kama mtu aliyeonyeshwa picha ya rafiki yake wa barua.

Kisha nimecheza na kaseti, kwa kulinganisha. Naipenda ile ya kasi.

9 Machi

Ile 4½. Muuzaji mmoja ameniuzia nakala yenye jalada lililochanika, ya mwaka 1981 yenyewe, kwa pesa ambazo nimeziandika mbele ya daftari, upande wa madeni. Shemeji ameipandisha basi la usiku Mombasa. Saa tano asubuhi kondakta amenipigia kutoka Mokowe.

"Fundi, mzigo wako huu hapa. Nimeuweka mahali pazuri, haukutikisika hata kidogo."

"Umeuweka wapi?"

"Juu ya kifuniko cha injini."

Nimemwambia auondoe sasa hivi, aushike mkononi, akae nao kivulini, asiupe hamali. Nimefunga duka. Boti inaondoka.